Mwaka Niliotembea kwa Miguu

Ofisi yetu ilikuwa Himbi, hapa Goma, karibu na ziwa, nyuma ya lango la bluu. Asubuhi moja, wiki kadhaa baada ya vita kuingia mjini, niliamka mapema, nikaoga, nikavaa blauzi ya kazi, nikasimamisha moto, ile pikipiki ya abiria, mbele ya nyumba na kumwambia dereva anipeleke huko kama kawaida. Nilipobisha, mlinzi akatoa kichwa kwenye kidirisha cha lango. Tulikuwa tumesalimiana kila asubuhi kwa miaka. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Mama, kuko nini?"

"Nakuja kazi," nikasema, na maneno yalipokuwa bado mdomoni nikakumbuka. Ofisi ilikuwa imefungwa. Wageni wa shirika walikuwa wameondoka wote, na mimi mwenyewe nilisaidia kufunga makaratasi ndani ya makatoni.

Mlinzi hakucheka. "Njo vile inakuwa," alisema taratibu. "Hata mimi, siku zingine nasikia honi, nakimbia kufungua, nakuta hakuna mutu. Nikuitie moto?"

"Hapana, papa. Nitatembea."

Sijui kwa nini nilijibu hivyo. Nyumba yetu iko mbali, upande wa Ndosho, na katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuipita njia ile kwa miguu. Siku ile niliipita. Viatu vya ofisi havikutengenezwa kwa ajili ya mawe ya volkano, kwa hiyo nilikwenda polepole sana, nikisimama kila mara kuondoa kokoto. Vijana wa chukudu walinipita na mizigo yao ya makala, yaani makaa, wakizisukuma zile baiskeli zao za mbao mlimani huku jasho likiwatoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipanga sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye sinia aliniambia pole, akidhani natoka msibani. Nilifika nyumbani jua limekwisha panda, nikakaa kwenye ngazi ya mlango na kuvua viatu. Hapakuwa na mtu wa kumweleza kilichonipata.

Wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu. Papa alikuja Goma kuwa karani wa mfanyabiashara wa kahawa, akanunua kiwanja, akajenga nyumba ya mbao juu ya msingi wa mawe meusi. Alikufa nikiwa bado shuleni. Mama alimfuata miaka mingi baadaye, kabla vita havijaingia. Mdogo wangu, ambaye ndiye ndugu pekee niliye naye, alikuwa ameolewa na kuhamia Kampala na watoto wake. Kulikuwa pia na mwanamume aliyekuwa akinitembelea Jumapili. Ofisi zilipofungwa alikwenda Kinshasa kutafuta maisha, akapiga simu mara chache, halafu akaacha. Sina la kumlaumu. Kila mtu alikuwa akikimbilia mahali.

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri. Nilijifunza Kifaransa shuleni, na Kinyarwanda nilikipata utotoni kwa watoto wa jirani waliotoka Masisi, tukicheza nao mpaka giza lituingize ndani. Ofisini walinipenda kwa sababu nilikuwa mwepesi. Mgeni akisema neno la mwisho, mimi nimekwisha kuanza. Na mtafsiri, kwa wasiojua, hasemi "huyu anasema ana njaa", anasema "nina njaa." Mtu akisema "nimefiwa", nawe unasema "nimefiwa", huku umekaa kwenye kiti cha plastiki na chupa yako ya maji. Kwa miaka mingi nilisema "mimi" kutwa nzima, na karibu kila mara sikuwa mimi. Kazi ilipoisha, nilikaa jikoni nikitaka kujiambia nitafanya nini na maisha haya, na sikupata sentensi hata moja.

Kwanza nilihangaika kama wote. Nilipeleka karatasi zangu huku na huko, nikakaa kwenye mabenchi ya ofisi ambazo zenyewe zilikuwa zinafunga. Baada ya siku ile ya lango la bluu niliacha. Nikaamua kwamba pale miguu inapoweza kunifikisha, nitatembea. Na kitu nikikianza, nitakimaliza kabla ya kushika kingine. Sikuwa na elimu yoyote nyuma ya uamuzi huo. Nilikuwa mtu aliyeogopa kujikuta tena mbele ya lango bila kujua amefikaje.

Kwa hiyo niliinjika maharagi asubuhi kwenye mbabula, jiko la makaa, nikakaa kando yake kwenye kigoda cha mama, nikiongeza makala moja moja, mpaka yakaiva. Zamani nilikula mkate nikiwa juu ya moto, dereva akikimbilia Himbi. Maji yalipokosekana bombani nilikwenda ziwani na bidoni, dumu langu la maji, nikapanda nayo mgongoni, imefungwa kwa kamba kwenye paji la uso kama wanawake wengine, nikipumzika kila nilipochoka. Nilifua nguo, nikangoja zikauke, nikazikunja. Jumapili nilikwenda misa ya kwanza, na baadaye sikukimbilia mlangoni.

Watu husema maisha ya polepole huleta amani. Labda. Kwangu yalileta upweke kwanza. Nao sikuupata kwa sababu ya vita. Nilikuwa nao tangu zamani, ila ulikuwa ukinikimbilia nyuma ya moto usinifikie. Nilipoanza kutembea ukanifikia. Tukawa tunakula pamoja. Siku nyingine neno langu la kwanza la siku lilikuwa la kuuliza bei ya majani ya sombe mchana, na sauti ilitoka imekwaruza, ikabidi nikohoe kwanza. Nilipika chakula cha watu watatu kwa mazoea, kana kwamba mama na mdogo wangu bado wako, na kilichobaki nikakila kesho yake, kimya, nikiangalia kiti cha mama.

Mdogo wangu, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, alipiga simu karibu kila siku.

"Yaya, unafanya nini huko? Unangoja nani?"

"Sijui bado."

"Sijui ni jibu ya mutu mukubwa? Kuja huku. Chumba kiko. Watoto wanakuuliza. Huku utapata kazi mbio mbio."

Alikuwa na haki. Mwisho nilikubali. Nilifunga madirisha, nikaacha ufunguo kwa mke wa jirani, nikapanda gari la abiria la kwenda Bunagana, mpakani mwa Uganda. Tulipita Kibumba asubuhi na ukungu wake, kabichi zimejipanga katika udongo mweusi, wanawake wameinama kwenye viazi. Niliegemeza kichwa kwenye kioo nikajiambia, basi, imekwisha. Nilingoja nisikie furaha. Nikasikia usingizi tu.

Pale mpakani kulikuwa na foleni ndefu. Mbele yangu alisimama mama mzee mwenye kapu la majani, amejifunga kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Alipofika dirishani, afisa alimuuliza kwa Kiswahili anakwenda wapi na kwa nani. Mama mzee akamtazama tu. Afisa akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Mama mzee akageuka nyuma, macho yakitafuta mtu yeyote, akasema maneno machache kwa Kishi.

Kishi ni lugha ya mama yangu. Sikuwa nimeizungumza tangu tumzike. Ofisini haikuwahi kuwa na kazi. Hakuna mgeni aliyeihitaji. Ilinichoma kifuani kama maji ya moto. Nikamjibu, naye akanishika mkono kwa nguvu akaniita mwana wani, yaani mwanangu, akamwaga maelezo yote kwa pumzi moja. Nikamgeukia afisa na kusema, kama nilivyozoea:

"Naenda Kampala kwa binti yangu. Amezaa mapacha na hana mutu wa kumusaidia. Nitakaa kwake mpaka watoto wapate nguvu."

Afisa akacheka. "Sasa ni weye ao ni yeye?"

"Ni yeye," nikasema, na watu wa nyuma wakacheka pia.

Alimpigia mama mzee muhuri. Yule mama akaniaga kwa mikono miwili, akavuka na kapu lake bila kuangalia nyuma. Mtu anayejua anakokwenda hutembea hivyo hata akiwa na miguu mibovu.

"Haya, na weye mwenyewe?" afisa akauliza kwa upole, akichukua karatasi zangu. "Unaenda kufanya nini?"

Lilikuwa swali la kawaida. Alikuwa ameliuliza tangu asubuhi na angeendelea kuliuliza mpaka jioni. Ningeweza kusema namtembelea mdogo wangu, na ingekuwa kweli. Lakini macho yangu yalilifuata kapu la mama mzee upande wa pili. Nilijua tu kwamba nilikuwa nakwenda kwa sababu nilichoka kukaa peke yangu, na kwamba huko pia ningekuwa peke yangu, ila katika chumba cha watoto wa mtu mwingine.

"Mama, foleni ni ndefu," afisa akasema.

"Samahani, papa. Sivuki leo."

Alinirudishia karatasi bila kuuliza zaidi. Nililala kwa masista wa pale, na asubuhi nikapanda gari la kurudi. Nilipompigia mdogo wangu alisema, "Nilishatandika kitanda, yaya. Watoto walikaa mulangoni mpaka jioni." Akakata simu. Hakunipigia tena kwa muda mrefu, nami nilipompigia aliniambia ana kazi. Siku zile ndizo zilizokuwa nzito kuliko zote. Nilikuwa nimekata kamba ya mwisho kwa mkono wangu, na sikuwa na chochote cha kumwonyesha mtu nikasema, tazama, nilibaki kwa sababu ya hiki.

Nilichokuwa nacho ni ule mkono wa mama mzee. Niliuwaza nikiinjika maharagi, niliuwaza ziwani. Kabla ya siku ile, sikumbuki mtu niliyemtafsiria akinishika. Juma moja hivi baadaye nilikwenda kwenye kituo cha afya cha parokia, ambako wakimbizi wengi wa vijijini walikuwa wakitibiwa, nikamtafuta masera, yaani sista, aliyekuwa mkubwa wa kituo.

"Nasikia Kinyarwanda, Kishi na Kifaransa," nilimwambia. "Nataka kukaa na wamama wasioelewa daktari."

"Hatuna kitu cha kukulipa."

"Sikuomba, masera."

Alinitazama juu ya miwani. "Basi kaa. Lakini kama utakuja, ukuje. Usikuje leo, kesho hauko."

Nilikuja. Kila asubuhi nilitembea mpaka pale, nikakaa kwenye benchi kati ya wanawake na watoto wao wanaokohoa. Wakati mwingine waliniachia viazi au fungu la vitunguu. Daktari alikuwa kijana wa Kinshasa, mwenye mikono mizuri na Kiswahili kidogo mno, na alifanya kila kitu kwa haraka kwa sababu foleni haikuisha. Mwanzoni nami nilirudia wepesi wangu wa ofisini.

Halafu akaja mwanamke mmoja wa Kibumba, mwembamba, mimba yake imekuwa kubwa. Alikuwa amekimbia na mume wake, na mume alikuwa mbali siku ile, akitafuta kibarua. Alisema mtoto hachezi tena. Daktari alimpima, akasogeza kile chombo chake hapa na pale juu ya tumbo, akasogeza tena. Kisha akaniambia kwa Kifaransa, akiangalia sakafu, kwamba yeye hausikii moyo wa mtoto, na kwamba lazima apelekwe hospitali kubwa leo hii.

Nilifungua mdomo, na neno langu la kwanza lingekuwa "sisikii", kwa kuwa hivyo ndivyo kazi inavyotaka. Nikaufunga. Nilivuta kigoda nikakaa chini, uso wangu ukawa sawa na wake. Nikasema, kwa jina langu mwenyewe, kwamba daktari amesikiliza sana na hakuusikia moyo wa mtoto, na kwamba mimi nasikitika.

Alinitazama. "Sema tena," alisema kwa Kinyarwanda. "Buhoro." Polepole.

Nikasema tena, polepole. Akaweka viganja viwili juu ya tumbo akakaa hivyo. Daktari alikuwa na wengine wanaongoja, nikamwomba kwa mkono atuache kidogo. Akatuacha.

Siku ile nilipanda gari, maana hospitali ilikuwa mbali na mwanamke hakuwa na mtu. Nilikaa naye alipopewa dawa ya kuleta uchungu, nilikaa naye alipojifungua yule mtoto wa kike asiyelia, nikamshikilia kikombe cha chai. Kesho yake mchana mama mkwe wake alifika kutoka Kibumba, matope mpaka magotini.

"Weye ni ndugu yake?" aliniuliza.

"Hapana, mama."

"Ulimujua wapi?"

"Jana tu."

Akanikalisha kando yake kwenye benchi, tukawa watatu.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilia njia nzima bila kujificha. Lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na kitu kilichotulia. Nilijua kwamba ningetaka kuwa pale tena, na safari nyingine nijue la kufanya kwa mikono yangu, si kwa mdomo tu.

Sikumwambia mtu. Masera aliniona mwenyewe. Mwezi mmoja hivi baadaye aliniita chumbani kwake. "Kuko shule ya wakunga. Unaweza kuanza nao mwaka huu. Nipe jibu kesho."

"Kesho siwezi."

"Kwani unaogopa?"

"Naogopa, masera. Niko karibu na miaka makumi ine. Lakini si ile inanizuia. Nataka kuangalia kwanza."

Aliguna, ila aliniruhusu kuangalia. Nikawa naingia chumba cha kuzalia, nashika taa, nasafisha sakafu. Mara ya kwanza nilipoona mtoto anatoka nilitoka nje, nikatapika nyuma ya tanki la maji, nikanawa, nikarudi. Mara ya pili sikutoka. Mvua zilianza, njia ikawa tope jeusi, nami niliendelea kuangalia.

Katikati ya mvua hizo mwenzangu wa zamani wa ofisini alinipigia simu. Kuna shirika linarudi, linatafuta watafsiri, mshahara mzuri, moto ya kuja kuchukua mtu nyumbani. "Wanataka jibu leo, mbele ya saa kumi," alisema. "Nilitaja jina lako kwanza." Nilimshukuru kwa moyo. Nikakaa na simu mapajani, mvua ikipiga bati, na nikatamani sana kuwe na mtu mmoja chumbani, yeyote, wa kumuuliza. Mama angesema, kamata kazi. Papa angesema hivyo hivyo. Mbabula ilikuwa imezima. Niliiwasha upya, nikangoja mpaka makala yakawa mekundu kote. Ndipo nikampigia, nikamwambia hapana, aksanti. Aliniuliza nimepata nini kingine. Nikamwambia sijapata bado, nataka kusoma. Akaniuliza kama nimekula, kwa sauti ya mtu anayefikiria amwite nani anisaidie.

Kesho yake nilimpa masera jibu.

Shule ilipoanza, wasichana darasani walisimama nilipoingia, wakidhani ni mwalimu. Nilikwenda kukaa dawati la nyuma, wakacheka, kisha wakanizoea. Wananiita mama. Hawanialiki wanapokwenda kunywa soda, na siwezi kuwalaumu. Mambo yao ni ya umri wao. Kusoma kumekuwa kugumu. Kile wanachoshika kwa kusikia mara moja, mimi nakirudia jioni nzima.

Mdogo wangu amerudi kupiga simu, si kila siku. Mara ya kwanza nilipomwambia kuhusu shule alisema, "Ungesomea huku." Nikasema ndiyo, ningesomea huko. Hakuna aliyeomba msamaha. Akanipa watoto niwasalimie, wakaniuliza kama mkunga anapiga watu sindano.

Nyumba ingali tupu. Sitadanganya kwamba shule imeijaza. Narudi, navua viatu, napika, nakula, na kiti kile kiko palepale. Michana ya Jumapili ndiyo mibaya zaidi, misa ikiisha na kila familia ikielekea kwake. Nimeacha kutafuta dawa ya saa hizo. Naziacha zipite kwa mwendo wao.

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa jikoni najifunza mifupa ya nyonga. Majina ni ya Kifaransa na marefu, hayakai kichwani mpaka niyaseme kwa sauti. Basi nilikuwa nasonga bugali na kuyapigia kelele, nikijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, nikijikemea nikikosea. Mke wa jirani akaita kutoka upande wa pili wa ukuta wa mawe.

"Mama, uko na wageni?"

"Hapana, niko mimi."

"Mbona nasikia batu wanagombana?"

"Ni masomo!"

Akacheka, nikamsikia akimweleza mume wake ndani, naye mume akacheka. Kisha mlango wao ukafungwa. Bugali yangu ilikuwa imeanza kushika chini ya sufuria, nikaiteremsha, nikachukua tena kitabu pale nilipoachia.